Nondo Ilipozama

Kabla ya alfajiri vikombe viligongana kabatini, kama kila mara bahari inapopiga kwa nguvu. Bibi akaamka, akachemsha chai ya mkaguzi anayekuja kupima ukuta wa viroba vya mchanga nyuma ya nyumba yake.

Maji yalipokupwa, mkaguzi alichomeka nondo yake ya kupimia kati ya viroba. Ilipaswa kugota palepale juu. Ikazama yote, mpaka ngumi yake ikagusa kiraka alichoshona Bibi juzi kwenye kiroba.

“Sema tu, baba. Na mimi nimechoka kushona.”

“Mchanga wa chini umekwisha, Bibi. Ukuta hauumalizi mwezi huu. Itabidi uhame.”

Huku akisema, alikuwa akikilaza kile kiraka kwa kidole gumba, taratibu, asije akakichana. Bibi aliona.

“Nitakuwa kwa mdogo wangu, kule mlimani,” alisema. “Uje tena, baba, hata kama hakuna cha kupima.”