Upenyo Kati ya Miamba

Yule halibuti, samaki bapa mpana kama mlango, alijirusha mara moja tu mashuani, na mkia wake ukamvunja Torleif mguu. Niliusikia mfupa ukikatika.

Torleif ndiye nahodha aliyetupeleka kuvua, mimi na mume wangu. Sasa alikuwa chali, midomo imegeuka myeupe. Mume wangu alimlalia samaki asije akatupiga tena. Injini ilikuwa imezimwa, na mawimbi yalikuwa yakitusukuma kuelekea miamba iliyokuwa mbele.

"Mama, shika usukani," alisema Torleif.

"Sijawahi kuendesha hata mtumbwi."

"Na mimi sijawahi kuvunjika mguu. Washa injini."

Vidole vyangu vilijaa ute wa samaki. Ufunguo uliniteleza mara mbili. Mwamba ulikuwa karibu kiasi cha kuona kome walioung'ang'ania, povu likibubujika juu yao.

Injini ikanguruma.

"Rudi nyuma, taratibu."

Nikageuka. Nyuma yetu wimbi lilishuka, mwamba mwingine ukajitokeza. Pale alipolala Torleif asingeweza kuuona. Kulia palikuwa na upenyo, mwembamba mno.

"Nimesema nyuma, mama."

"Shika kitu," nikamwambia, nikakata usukani kulia na kusukuma gia mbele.