Alama Nyekundu Chini ya Kitanda

Mshonaji alikuwa amelala chali chini ya kitanda cha mumewe, tochi mkononi, alipoiona. Nukta nyekundu ya rangi ya kucha, kubwa kama kifungo cha shati, kwenye ubao wa ubavuni.

Nyekundu ilikuwa alama yake yeye. Kitanda hakikuwa chake.

Walikuwa wametengana bila kuhama. Yeye alibaki chumba cha mbele na cherehani yake mpya. Mumewe, mchomeleaji, akahamia chumba cha uani. Shangazi yake mume ndiye aliyeweka utaratibu: kila atakachonunua mtu tangu siku hiyo, akitie alama kwa chini, mke nyekundu, mume buluu, ili siku ya kugawana asiwepo wa kumwita mwenzake mwongo. Siku yenyewe ilikuwa leo. Wakishagawana, ni talaka.

Asubuhi, akifunga kamba za viatu, mume alikuwa amesema bila kumtazama, "Kabla shangazi hajafika, ingia chumbani kwangu uvitazame vitu."

"Vitu vyako vinanihusu nini?"

"We vitazame tu. Vipindue."

Mtu aliyezoea kufunga mlango hata akienda kunawa uso, leo kauacha wazi. Ana lake huyu, mshonaji alijisemea.

Na vitu vyenyewe vilizidi kumtia shaka. Kitanda cha watu wawili, kwa mtu anayelala peke yake. Kabati lenye kioo kirefu cha kujitazama toka utosini mpaka kisiginoni, na mwenyewe ndevu hunyoa kwa kupapasa. Kiti cha kuegemea, chenye mto wa mgongo, laini ajabu. Yeye miaka yote ya ndoa alilia na mgongo wake, akashonea juu ya kigoda. Sasa kuna mwanamke mwingine anaandaliwa makao.

Akapindua kiti. Nyekundu. Akainamia miguu ya kabati, shavu sakafuni. Nyekundu.

Kumbe ndio mtego. Shangazi atakuta alama yake kwenye vitu ambavyo mtaa mzima uliona vikishushwa kwa mume. Atasema nini? Ataonekana mwizi aliyeingia na kujipakia rangi, na akishaonekana mwizi, hata cherehani nani ataamini ni yake?

"Umenikosa, bwana," alinong'ona.

Akaleta kitambaa na dawa ya kutolea rangi ya kucha, akafuta taratibu, mpaka mbao zikawa kama zimetoka dukani. Kopo la rangi ya buluu la mumewe lilikuwa pale pale dirishani, halijafunguliwa. Akalibandua kifuniko kwa kijiko, akachovya kijiti, akaweka alama moja moja, akazipepea kwa gazeti zikauke.

Shangazi alifika alasiri, akigombana na magoti yake.

"Mnanipindulisha makabati kwa umri huu," alisema. "Mngeachana basi nilipokuwa na nguvu."

Walianza chumba cha mbele: cherehani, nyekundu, pasi, nyekundu. Wakaenda uani. Mume aliinua kiti kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama anayebeba chungu cha maji. Shangazi akavaa miwani.

"Buluu."

Mume aliinama kutazama mwenyewe. Akaigusa ile alama, kidole kikatoka na rangi.

"Kabati, buluu," shangazi aliendelea. "Kitanda, buluu."

Mume alisimama katikati ya chumba, akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Mshonaji naye akamkazia macho, hakupepesa. Alijisikia mwepesi, kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Haya, vya humu vyote ni vyako," shangazi alisema, akijishusha kitandani kupumzisha magoti. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Ila nikuulize, baba. Ile rangi ya kucha uliyonituma dukani, ukaona haya kuinunua mwenyewe, uliifanyia nini?"

Mume alikifuta kidole kwenye suruali.

"Nilimpa vyote, shangazi," alisema. "Amenirudishia."