Nyumba Isiyocheka

Simu ya msaada ilitundikwa ukutani, juu ya mtungi wa maji, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Nyumba iliyosikika ikicheka ilihesabiwa kuwa imetoka kwenye umaskini, na unga wake wa msaada ulikatwa. Nyamizi alikuwa amewazoeza wanawe kwenda kuchekea shambani.

Siku hiyo wifi yake Kabula alikuja kumwona mtoto mchanga. "Wifi, mbona kimya hivi? Mmefiwa, au kaka yangu alioa bubu?"

Nyamizi alibana midomo, akamwonyesha simu kwa kidole.

"Aa, kidude hicho nacho!" Kabula alinong'ona, akamgeukia mtoto, akamtolea ulimi. Mtoto akamkodolea macho, akarusha miguu, kisha kikamtoka kicheko, cha kwanza tangu azaliwe.

Nyamizi alimziba mdomo kwa kiganja kabla hajajua anafanya nini. Mtoto akaangua kilio. Alilia mpaka jasho likamtoka, na simu ikawaka taa ya kijani.

"Poleni sana," ikasema kwa upole. "Unga wenu utafika kesho."

Kabula alimtolea mtoto ulimi tena, taratibu. Mtoto alimtazama kwanza mama yake, akafumba mdomo.