Mazoezi ya Yai Jeusi

Yai la tatu lilimtoka Patrobas puani. Vivian, mkewe, alimshikia beseni huku amegeuza uso.

"Usikunje uso, Pato!" Kyule, jirani yao, alimkemea. "Ukikunja uso mbele ya Mchina, kazi imeenda."

Walikuwa nyuma ya nyumba, pale mtaani Mbotela, Nairobi, mtu mzima akilishwa mayai viza. Kyule ndiye aliyeyaleta, bure, yale yaliyomshinda kuku wa mkewe kuangua. Alikuwa mchonga vinyago, na mwaka huo wa tisini na saba watalii walikuwa wameadimika. Mnunuzi aliyembakia ni Madam Lin, mwenye mkahawa huko Hurlingham, na kwake ndiko alikosikia kwamba anatafutwa mpishi.

"Hao Wachina yai wanalifunika na jivu na chokaa mpaka linakuwa jeusi," alieleza. "Linanuka, lakini kwao ni tamu kuliko nyama. Atakupa moja. Wewe meza, cheka, sema tamu. Mtihani ni huo tu, bana."

Patrobas alikuwa mpishi hodari wa kantini ya kiwanda mpaka kiwanda kilipofungwa. Sasa Vivian alikuwa ameshafunga mizigo. Akikosa kazi hii, mama na watoto wanapanda basi la kurudi kijijini Webuye, na Vivian hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Basi jamaa akameza viza. Kila jioni alitapika, akameza tena, maskini, mpaka tabasamu likakubali kukaa.

"Sasa umeiva, buda," Kyule alisema, akampiga begani. "Mimi kesho natoka mapema. Kuna vinyago napeleka tao, mjini kati."

Kesho yake mkahawani, Madam Lin alimkaribisha vizuri, akamwekea sahani. Juu yake palikuwa na yai lililomenywa, rangi ya matope. Harufu ilipompata, pua yake ya kantini ilimwambia alisukume mbali. Hakuisikiliza. Alitafuna polepole, akameza, akatabasamu bila kupepesa jicho.

"Tamu sana, madam. Hata naomba lingine."

Madam Lin alimtazama. Kisha akavuta bakuli lililofunikwa, akalifunua. Mayai yaliyokuwemo yalikuwa meusi kweli, yaking'aa kama chupa ya bia.

"Mayai yetu ni haya," alisema. "Ulilokula limeoza. Mpishi asiyejua yai bovu ataniulia wateja. Pole. Asubuhi nimepata mwingine. Yeye alinusa tu, akalitupa."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Kyule alitoka na aproni kiunoni, akaondoa sahani, na kwa heshima, kama mtu asiyemjua, akamuuliza Patrobas kama angependa maji ya kunywa.