Mvua ya Bi Mkubwa

Uongo wenyewe Mwatum aliusema huku ananyonyesha, na mtoto wala hakuacha kunyonya.

"Wiki hii inanyesha," alimwambia mke mwenzake. "Miraji kaisikia kwenye redio. Ukichelewa, shauri yako."

Mwanamwema aliweka chini bakuli la uji wa pilipili manga. Yeye ndiye aliyekuwa akimpikia tangu ajifungue, tena katika jiko la Mwatum mwenyewe, kwa kuwa mzazi hatoki nje mpaka arubaini yake iishe. Uji ulikuwa mtamu, na hilo nalo lilimchoma Mwatum.

Miraji, nduguye Mwatum, alikuwa kuli wa duka la Pirbhai kule mjini, duka lenye redio. Asubuhi ile alikuja Bwejuu kumtazama mpwa wake, na kabla ya kupanda gari kurudi alisema kinyume kabisa. Redio imetangaza masika yatachelewa sana mwaka huu, watu wasipande. "Waambie na wenzio," alisisitiza. Mwatum akaitikia kwa kichwa.

Bwejuu mtama hupandwa kwenye kavu, katikati ya mawe, siku chache kabla ya mvua. Mvua ikiwahi, aliyetangulia kupanda ndiye anayevuna. Ikichelewa, kwale na sisimizi hawaachi kitu. Ndiyo maana watu wote walikuwa wakitazama juu na kuulizana, na mawingu mwaka huo yalikuja yakaondoka, yasieleweke.

Sasa tuseme kweli. Mwatum alikuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na nyumba nzuri, na ndiye mke mkubwa. Lakini mavuno yaliyopita Simai, mume wao, alisimama mbele ya watu akasema shamba la Mwanamwema ndilo lililowalisha. Alisema mara moja tu, na Mwatum aliendelea kuyasikia maneno yale kila siku. Roho ilimuuma akila, ikamuuma akilala. Mwaka huu alitaka jambo moja: Simai asimame vile vile kwenye shamba lake yeye, ayaseme maneno yale yale.

Na cha kumshindia mwenziwe alikuwa nacho. Jikoni, juu ya moshi ili wadudu wasiingie, lilining'inia kapu la mbegu za mtama mweupe, urithi wa marehemu mamake. Mbegu hizo hakuwa nazo mtu mwingine kijijini. Mwanamwema aliwahi kumwomba kiganja kimoja, akanyimwa.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Mwenziwe apande sasa, mbegu ziliwe. Yeye arubaini imtoke, mvua ije, apande zake kwa raha.

"Na lako je, bi mkubwa?" Mwanamwema aliuliza. "Simai yuko Mtoni kwenye kibarua, hatorudi karibuni."

Mwatum alishusha pumzi ndefu ya mtu anayejionea huruma. "Mimi nimefungwa humu ndani, mdogo wangu. Mvua itanisubiri mimi? Wewe nenda, usinitazame."

Mwanamwema alimtazama kidogo, akachukua bakuli, akatoka.

Tangu siku ile uji uliletwa alfajiri, kisha Mwanamwema akaondoka na muo wake, kijiti cha kuchimbia vishimo vya mbegu. Jioni alirudi ametota jasho, viganja vimejaa malengelenge. Mwatum alimpa mafuta ya nazi ajipake. Alifurahi sana kumpa.

Siku zikapita bila tone. Jua likawa kali hata kuku hawakutoka kivulini. Sichana, jirani yao, alikuja kumjulia hali mzazi.

"Kwale wamejaa huko mashambani kwenu," alisema, "wanaparura tu. Kazi yote ile ya Mwanamwema, masikini."

Mwatum aliinama kumfunika mtoto vizuri, maana kicheko kilikuwa kimeshafika mdomoni.

Jioni Mwanamwema alikuja mikono mitupu. Alikaa kizingitini, akalia.

"Nisamehe, bi mkubwa. Nimekwenda kutazama. Haikusalia hata punje."

"Nikusamehe nini? Nyamaza." Sauti ya Mwatum ilikuwa laini, hajapata kuzungumza naye hivyo tangu mwenziwe huyo alipoolewa. "Ndiyo riziki. Redio nayo inasomwa na binaadamu. Mbegu zako zimekwisha zote?"

"Zangu?" Mwanamwema alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Zangu zimo mtungini, sijazigusa. Nilianza na shamba lako, kwa kuwa wewe uko ndani. Lile kapu la jikoni nshalimaliza."