Ndevu za Beberu

“We mke mwenzangu! Hilo beberu lako limejipaka nini leo?” Bibi alipaza sauti kutoka chumbani. “Linanuka mpaka huku kitandani kwangu!”

Mjukuu wake alicheka. Alikuwa bandani anamkamua mbuzi, na beberu mwenyewe alikuwa amesimama ubavuni pake, karibu ampumulie shingoni.

Kicheko kikamkauka mdomoni. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine, ndefu zaidi.

Akazishika ndevu za beberu, zile zilizogandamana kwa mkojo wake mwenyewe, akazileta puani. Zilimtekenya tu. Hazikunuka hata kidogo.

Dalili hiyo, ya pua kutosikia harufu, redio iliitaja kila asubuhi tangu ugonjwa uingie. Na Jumatatu alikwenda sokoni, barakoa ameishusha kidevuni.

“Maziwa yanakuja, au unamkamua beberu?” Bibi akauliza, kisha akakohoa kile kikohozi chake cha siku zote, cha pumu.

Bibi ndiye aliyemfundisha kufuga. Kuku akianza kuzubaa, alimwambia, mtenge jua halijazama, usingoje apande kichanjani na wenzake. Usimwonee huruma, huruma ndiyo inayomaliza banda zima.

Msichana akaiacha ndoo pale pale. Akaanua blanketi lake kambani, akaingia katika banda tupu la ndama, akafunga komeo kwa ndani.

“Bibi,” akaita, “usitoke. Kuku wa kutengwa leo ni mimi.”