Alama Kifuani

Mama Shurie wa nyumba ya pili anasema aliona kwa macho yake: Radhiya, anayeolewa Ijumaa, alikuwa anacheza vizuri tu jana, mara jini likampanda, akaanguka kama gunia.

"Tena jini dume," anaongeza. "Lina wivu hilo!"

Radhiya aliyasikia hayo akiwa amelala mkekani, mama yake akimsugua kifuani liwa, ule unga wa msandali uliolowekwa. Alisugua palepale kwenye alama nyekundu za mviringo, zilizoachwa asubuhi na vikombe vya mashine ya kupimia moyo hospitalini. Daktari alisema mapigo ya moyo hayaendi sawa, na yakishtuliwa yanaweza kusimama. Ngoma asicheze kabisa.

"Mama, si uwaambie ukweli?"

"Niwaambie wakwe mwanangu ana moyo mbovu? Jini likipungwa leo kwa ngoma linatoka, wakwe wanarudi kwao wamefurahi. Moyo unapungwa?"

"Lakini watanichezesha mpaka nianguke."

"Utaanguka, utainuka. Jana si uliinuka?"

Uani wapiga ngoma waliwasha makuti, wakaanza kuzikanza ngoma motoni ili ngozi zikaze. Mmoja akaijaribu yake, ndu! Moyo wa Radhiya ukaruka, ukakawia, ndipo ukarudi. Akaukamata mkono wa mama yake, akaukandamiza juu ya zile alama.

"Sikia mwenyewe, mama. Nakuomba, waambie waende zao."

Mkono ulitulia pale, ukasikia yote. Kisha ukajichomoa taratibu, ukachota liwa nyingine bakulini, ukaendelea kusugua mpaka alama ya mwisho ikafifia.